La Yenye Mkia

Liverpool,
9 Februari 1974

Dada Damari,

Mbukwa. Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Ignas na mguu wake, Leah na wagonjwa wake huko hospitalini Dodoma, na baba mdogo Fabiano, ambaye natumaini bado anakataa kuvaa viatu. Mimi ni mzima. Baridi ya mwaka huu ina ukaidi, na serikali imepunguza umeme kwa sababu ya ugomvi wake na wachimba makaa, kwa hiyo ninanakili muziki nikiwa nimekaa dirishani, na mchana ukiisha nami naacha. Nimesoma gazetini kwamba mvua haikunyesha kwenu. Niambie mmevuna nini, na usinidanganye.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita nilichanganya karatasi. Nilimpelekea kiongozi wa ile okestra ninayoinakilia muziki bahasha yake, na ndani, badala ya kazi yake, kulikuwa na sehemu ya pili ya "Mteremko" wetu. Aliniita ofisini. Nilidhani ananifukuza. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikamwambia ni watu wawili, mmoja ndiye huyu aliyesimama mbele yake na mwingine anaishi karibu na Kilimatinde, na kwamba tumeiandika kwa posta tangu nilipovaa sare ya bendi ya jeshi mwaka 1942. Akataka sehemu zote sita. Amekaa nazo wiki mbili. Anataka kuzipiga Novemba, katika ukumbi mkubwa, kwa fidla, klarineti na piano.

Ana ombi moja, nawe umeshalijua kabla sijaliandika. Anasema ile sauti tunayoiandika la yenye mkia haipo kwenye piano, na wapiga fidla wake, ukiwaambia wapige kati ya la na ti iliyoshushwa, kila mmoja atajichagulia kati yake. Anataka tuipandishe iwe ti iliyoshushwa, ambayo kila mtu anaijua.

Sheria yetu ni ile ya utotoni: vipimo vinane vya muziki wewe, vipimo vinane mimi, na hakuna kufuta vya mwenzako. La yenye mkia iko kwenye vipimo vyako. Kwa hiyo sijamjibu, naomba ruhusa. Nina miaka sitini, Damari. "Mteremko" nimeusikia kichwani mwangu tu. Wewe umeupiga nusu, mimi nimeupiga nusu, na bahari iko katikati.

Bawaba za mlango wa nyumba ya mama, Ignas alizibadilisha? Uliniambia mlango ulikuwa unakwaruza sakafu.

Kaka yako,
Anselm

*

S.L.P. Kilimatinde,
21 Aprili 1974

Kaka Anselm,

Shikamoo. Sisi tunaishi. Ignas mguu umempa nafuu, sasa anatembea mpaka dukani kugombana. Uwele ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Tunakula unga wa njano wa serikali, ambao watu wanauita unga wa Yanga, na baba mdogo Fabiano anasema yeye kwa njaa yuko tayari kushabikia timu yoyote. Viatu bado.

Jibu langu ni hapana.

Ningeweza kuishia hapo, lakini nitakueleza kilichotokea hapa, ndipo ujue kwamba hapana hii niliitoa kwa mtu mwingine kabla yako. Tumepata mchungaji mpya, Mchungaji Mathayo, kijana msomi, mtu wa upande wa ziwa. Jumapili yake ya kwanza alikwenda kwenye kinanda kabla ya ibada, akakanyaga mvukuto, akapiga wimbo mmoja, akasimama katikati. Akageuka kunitazama kama daktari anayemtazama mama wa mgonjwa.

"Mama Leah, kinanda hiki kimeharibika."

"Hakijaharibika, Mchungaji. Kimekwanguliwa."

Akadhani sijaelewa. Basi nikamweleza mbele ya wazee wa kanisa, na wao wakawa wanatikisa vichwa kukubali kila neno, maana wengine walikuwapo. Nikamwambia kwamba mwaka 1951 kaka yangu alinitumia vipimo vinane kutoka Ulaya, na vipimo vyangu vya kujibu havikuwezekana kupigwa kwa kinanda kile, kwa sababu vilitoka kwenye ilimba ya baba yangu mdogo, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na ilimba ina sauti ambayo Mzungu hakuitengenezea mahali. Nikakifungua kinanda, nikatoa ndimi zake za shaba, nikazipeleka Manyoni kwa fundi Samweli wa reli, nikamchukua na baba mdogo na ilimba yake. Ulimi wa shaba ukiukwangua nchani sauti hupanda, ukiukwangua shinani hushuka. Samweli alikwangua shinani, kidogo kidogo, huku baba mdogo akipiga ilimba na kusema bado, bado, bado, mpaka aliposema hapo.

Mchungaji akauliza mmisionari wa wakati ule alisema nini. Nikamwambia alikuwa mzito wa masikio, Mungu amrehemu, aliendelea kuhubiri kwa furaha.

Anachotaka ni kukipeleka kinanda Dodoma kitiwe ndimi mpya. Sababu zake si za kipumbavu, nakiri. Anasema watoto wetu wanakwenda shule za mbali, wakiimba huko wanachekwa. Anasema kwaya ya Dodoma ilipokuja Krismasi hatukuweza kuimba nao wimbo hata mmoja. Ni kweli. Wao walisema sisi tumepotoka, na akina mama wetu walisema maskini wale wageni, labda ni uchovu wa safari.

Nikamwambia: "Mchungaji, watu hawa wamezikana kwa sauti hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukiibadilisha, waimbe kwa ipi siku ya kunizika mimi?"

Kwa hiyo, kaka, siwezi kumkatalia mchungaji wangu nikamkubalia Mzungu wako.

Damari

*

Liverpool,
16 Juni 1974

Dada Damari,

Marahaba ya shikamoo yako, ingawa ilikaa njiani muda mrefu. Nimefurahi kwa mguu wa Ignas, nimecheka kwa baba mdogo, na nimehuzunika kwa uwele. Nimeweka fedha kidogo posta kwa jina la Leah. Usiseme lolote kuhusu hilo, wala mimi sitasema.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nakuona umesimama mbele ya wazee, mkono kiunoni. Sasa nisikilize na mimi.

Unaijua klabu ya ghorofa ya chini niliyokuandikia zamani, ile ya mabaharia, ambako hupigwa jazi Jumamosi mchana. Nilipofika huku, 1947, nilimkuta pale mpiga tarumbeta wa Trinidad. Jioni ya kwanza alipiga wimbo wa polepole, na katikati yake akaishika la yenye mkia. Niliacha kupiga. Nilitazama nyuma yake kama naweza kumwona baba mdogo. Nilipomuuliza ameipata wapi, alisema imo ndani ya tarumbeta yenyewe, mtu akipuliza bila kubonyeza kitu. Walimu wake walimfundisha kuiruka, naye akaikalia. Nami nikaitafuta kwenye klarineti kwa kulegeza mdomo, nikaipata. Kwa hiyo usidhani kwamba sijui thamani yake. Mimi ndiye niliyeibeba kuvuka bahari mbili, nikamkuta mwingine amefika nayo kwa njia yake.

Lakini pia nimenakili muziki wa mabwana wakubwa wa Ulaya kwa zaidi ya miaka ishirini, noti moja moja, na nimeona jinsi walivyorekebisha kazi zao. Mmoja alibadilisha ufunguo mzima kwa sababu mwimbaji alikuwa na mafua. Kazi haikufa. Iliposikiwa na watu, ndipo ikaanza kuishi. Ya kwetu imekaa sandukuni. Tukishikilia mkia wa la, tutazikwa nayo, mimi huku na wewe huko, na mtu atakayefungua sanduku langu atawashia moto.

Nimemkubalia, Damari. Nimemwambia ndiyo. Kasirika, lakini uwe umelijua kutoka kwangu, si kwa njia nyingine. Ni jioni moja tu, kwenye mji ambao hutaufikia. Nakala zetu zitabaki na mkia wake.

Hukunijibu kuhusu nyumba ya mama. Mlango unafunga?

Anselm

*

S.L.P. Kilimatinde,
28 Septemba 1974

Kaka Anselm,

Shikamoo. Ignas anakusalimu. Leah anakusalimu, na ameniambia kuhusu lile tulilokubaliana kutolisema.

Sikuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hasira. Nilikwenda na barua yako kwa baba mdogo, nikamsomea, nikitumaini atakasirika na mimi ili tuwe wawili. Alibandika upya utando wa buibui unaovumisha sauti kwenye tundu la ilimba yake, akasema: "Huyo amekaa sana kwenye baridi." Basi. Mimi nina maneno mengi zaidi yake. Unasema ni jioni moja tu. Vipimo vyangu vinane havina jioni ya kukodishwa. Unasema mabwana wakubwa walirekebisha kazi zao. Sawa, walirekebisha zao. Wewe umerekebisha yangu. Nilipokuwa na miaka tisa ulinichapa kwa kufuta noti yako moja ukutani kwa mama yako, pale tulipokuwa tunaandika kwa mkaa. Nimekumbuka kila kiboko.

Sababu ya pili ni kwamba tumehama.

Mwezi wa Julai tuliambiwa vijiji vinne vyote viwe kimoja, kando ya barabara, karibu na maji na mahali itakapojengwa shule. Wengine walienda wenyewe. Waliobaki walifuatwa na malori. Sitakuandikia kila kitu, maana barua ni ndefu na mimi si mwanasiasa. Maji yapo kweli, na shule inajengwa kweli, na tulilala wiki mbili chini ya miti. Siku ya zamu yetu paa zilifunuliwa ili watu wasirudi. Nyumba ya mama yako, mama yangu mkubwa, ilikuwa ya kwanza upande ule. Haipo, kaka. Mlango Ignas aliubeba, sasa ni mlango wetu. Bawaba aliweka mpya, na haukwaruzi. Kaburi la mama mkubwa liko palepale na nimelizungushia miiba.

Nilishindwa kukuandikia hilo mara mbili ulipouliza. Mwezi wa Aprili tulikuwa tumeshasikia kwamba tutahamishwa.

Sasa kinanda. Lori la mwisho lilipokuja, lilichukua madawati ya kanisa na kengele. Katibu kata alikuwa anasimamia. Alipofika kwenye kinanda alimuuliza Mchungaji Mathayo kama ni kizima. Mchungaji ni mtu asiyesema uongo, hiyo ndiyo shida yake. Alisema kina kasoro. Katibu akasema hakuna nafasi ya vitu vibovu.

Mimi nilikwenda kwa akina mama wa kwaya, sikuwaambia kitu kirefu. Tulikata miti miwili, tukaifunga kinanda katikati kwa kamba za ng'ombe, tukakiweka mabegani. Wakati huo lori lilikuwa linamsubiri baba mdogo Fabiano apande, naye alikataa, akasema injini ile inanguruma chini kidogo ya sauti yake na itaiharibia ilimba yake masikio. Akatangulia mbele yetu, miguu mitupu, akipiga. Sisi tukaimba. Hatukuimba kwa huzuni, kaka. Tuliimba wimbo wa mavuno mwaka ambao hakuna aliyevuna.

Katibu kata akatufuata na baiskeli. Ni kijana, anaitwa Laurian, mama yake namjua. Akasema: "Mama, hii ni operesheni, si harusi. Tueni hicho kitu."

Nikamwambia: "Ndugu Katibu, umetuambia tuhame. Tunahama."

Alitembea nasi kwa muda akikokota baiskeli. Mwisho alitangulia kwenda kuwaambia watu wa kijiji kipya wasishtuke. Nyuma yetu alikuwapo Mchungaji Mathayo. Bega langu lilipochoka, yeye ndiye aliyeingia kwenye mti. Alibeba mpaka mwisho, na alipokitua alisema bado kinatakiwa kwenda Dodoma. Nikamwambia abebe tena basi.

Kwa hiyo kinanda kipo, chini ya turubai, na mkia wake upo. Fikiria hilo ukiwa ukumbini kwako.

Na kitu kimoja. Katika barua yako ya mwisho umeandika kuhusu klarineti ya zamani, ya 1947. Kuhusu ya sasa hujaandika. Unapiga?

Damari

*

Liverpool,
1 Desemba 1974

Dada Damari,

Sina nguvu ya salamu ndefu, lakini wasalimie wote, na umwambie Ignas kwamba nimeota mlango.

Umeuliza, nakujibu. Sipigi. Meno ya mbele yalitolewa mwaka jana mwezi wa Mei, na haya ya bandia hayashiki mdomo wa klarineti. Sauti inatoka kama pumzi ya mzee anayepanda ngazi, na ndivyo ilivyo. Nilishindwa kukuandikia. Tuko sawa sasa, wewe na nyumba, mimi na meno.

Ndiyo maana nilimwambia yule mtu ndiyo. Mikono yangu ilikuwa imebaki na kunakili tu. Na kuna jambo jingine. Sikuwahi kurudi hata mara moja, hata mama alipofariki, kwa sababu kila mwaka nilijiambia nitarudi nikiwa na kitu cha kuonyesha: ukumbi uliojaa, jina letu kwenye karatasi ya ratiba. Nilitaka kuingia mlango ule nikiwa nacho. Barua yako ilifika siku ya Jumatatu. Mazoezi ya kwanza ya "Mteremko" yalikuwa siku ya Alhamisi.

Nilikaa nyuma, mstari wa mwisho. Naomba uniamini nikikwambia kwamba walipiga vizuri. Sehemu ya kwanza, pale garimoshi linapotoka Saranda na kuanza kushuka kwenda Kintinku, fidla zao zilifanya breki za magurudumu hata nikasikia harufu ya chuma kilichopata moto. Nililia kidogo, hakuna aliyeona. Kisha wakafika kwenye sehemu ya pili, kwenye vipimo vyako. Piano ikapiga ti iliyoshushwa.

Ilikuwa safi. Ilikuwa sahihi kabisa, kama chumba kilichofagiliwa ambamo hakuna anayeishi. Vipimo vinavyofuata ni vyangu, nilivyoviandika 1951 kukujibu, na vilijibu kitu ambacho hakikusemwa. Nikasikia kazi yangu ikizungumza peke yake kama kichaa wa sokoni. Sehemu ya tatu ilikuwa hivyo, na ya nne hivyo.

Nilisimama kabla ya ya tano, nikatembea mpaka mbele. Kiongozi alishusha mikono yake, akaniuliza kwa upole kama kuna kosa la unakili. Nikamwambia hapana, nakala ni sahihi, ruhusa ndiyo haikuwapo. Nikaanza na fidla ya kwanza, nikachukua karatasi zake. Wengine walidhani nazigawa upya. Nilipita kwa kila mmoja, nikisema samahani, na kila karatasi ilikuwa mwandiko wangu, kwa hiyo hakuna aliyejua anipinge kwa haki gani.

Yule kiongozi ni muungwana. Hakupaza sauti. Alisema, "Bwana Anselm, hutapata nafasi nyingine kama hii."

Nikamwambia, "Hii yenyewe haikuwa yangu peke yangu."

Kazi ya kunakili nimeipoteza pia, ni wazi. Usinihurumie; nimetembea nyumbani nikiwa na furushi kifuani na sijawahi kuhisi wepesi kama ule tangu tulipokuwa tunaandika ukutani. Lakini sasa sijui la kufanya na furushi lenyewe. Ulishinda, dada. Niambie ushindi wetu unapigiwa wapi.

Anselm

*

S.L.P. Kilimatinde,
6 Aprili 1975

Kaka Anselm,

Shikamoo, na shikamoo nyingine. Mvua imenyesha. Uwele umenipita kichwa. Baba mdogo Fabiano nilimsomea barua yako mpaka pale ulipokusanya karatasi, akaniomba nirudie, nikarudia, akasema: "Amepata joto." Kisha akataka kujua kama waliovuliwa karatasi walikuwa wanene.

Sikukujibu haraka kwa sababu nilitaka nikujibu swali lako, si kukupongeza. Ulifanya ulichotakiwa kufanya. Basi.

Kanisa jipya limesimama, la miti na udongo, na Mchungaji Mathayo ameleta kinanda kingine kutoka Dodoma. Kipya, cheusi, kimenyooka kila sauti. Aliniambia mapema, hakunizunguka. Alisema kijiji sasa kina watu wa vijiji vinne, na watatu kati ya wanne wameimba maisha yao yote kwa sauti ya kawaida, na mimi sina haki ya kuwapotosha wote. Nikamwambia na yeye hana haki ya kutunyoosha sisi. Basi tukaviweka vyote viwili, kimoja kila upande. Mwalimu Petro wa shule akakaa kwenye kipya, mimi kwenye changu. Akina mama wetu kushoto, wageni kulia. Jumapili moja nyimbo zao, Jumapili moja zetu. Ilikuwa vita ya kimya. Watu walikuwa wanakuja kanisani mapema kuwahi upande.

Siku ya Pasaka zamu haikueleweka. Mchungaji akatangaza wimbo, mwalimu Petro akaanza, na mimi nikaanza, hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Upande wote wa kulia ukaimba, upande wote wa kushoto ukaimba. Tulikwenda sawa, sawa, mpaka tukafika kwenye ile sauti. Yeye akaishika ti yake iliyoshushwa, mimi la yangu.

Kaka, nyumba ilitetemeka. Sauti mbili zilizokaribiana hivyo hazitulii. Zilisukumana, zikawa mawimbi, kama nyuki waliosumbuliwa ndani ya mzinga, na udongo mbichi wa ukuta ukadondoka. Watoto wakaanza kucheka, watu wazima wakaziba vinywa. Mchungaji akainua mkono ili tuache. Ndipo baba mdogo Fabiano aliyekuwa amekaa mbele aliposimama, akasema kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu enzi za Samweli:

"Hapo. Waacheni hapo hapo."

Na hakuna aliyeacha. Tuliishikilia mpaka pumzi zikaisha. Nilipomtazama Mchungaji, mkono wake ulikuwa bado juu, amesahau kuushusha.

Baada ya ibada nilimwambia nataka kuandika kitu cha vinanda viwili. Alikubali kwa sharti moja: kipya nisikiguse kwa tupa, kamwe. Nimeapa mbele ya wazee. Kila kimoja kibaki kilivyo. Basi "Mteremko" una sehemu ya saba, na vipimo vinane vya kwanza nimevifunga ndani ya barua hii, kwa kinanda changu.

Kuna shida moja. Mwalimu Petro amehamishiwa Rungwa, ameondoka juzi. Kipya kimefungwa. Mchungaji anasema hana mtu, na nadhani alikuwa anapumua kwa raha aliponiambia: "Mtafute mwenyewe mpigaji, Mama Leah. Awe anajua noti, awe na subira nawe, na awe anaamini kwamba ile ti ni halali."

Nikamwambia ninaye mmoja wa aina hiyo, aliwahi hata kuikubali bila ruhusa yangu.

Umeniuliza ushindi unapigiwa wapi. Unapigiwa hapa, na ni kazi ya watu wawili. Najua sababu zako zote, sitaki hata moja. Huna nyumba ya mama ya kuingia, lakini mlango upo. Huna meno, kinanda kinapigwa kwa mikono na miguu. Ukisema umezeeka, nitakutumia baba mdogo akufuate kwa mguu.

Damari

*

Liverpool,
30 Aprili 1975

Dada Damari,

Marahaba, zote mbili.

Nimeviimba vipimo vyako jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Katika kipimo cha sita umeniwekea mtego. Nimeuona, nami nimekutegea mwingine katika cha kumi na mbili. Majibu yangu nimeyaandika, lakini siyatumi. Nakuja nayo mkononi, pamoja na furushi lote. Klarineti inabaki hapa kwa yule mpiga tarumbeta, ana mjukuu mwenye meno mazuri. Meli inaondoka Juni, na kutoka Dar es Salaam nitapanda garimoshi mpaka Saranda. Usiniandikie tena huku.

Mwambie Mchungaji Mathayo, kabla hajaniona, kwamba ninaamini ti yake ni halali. Nimeisikia ikipigwa na okestra nzima, najua jinsi ya kuitetea. Ulinishinda huku kwa sababu ilikuwa peke yake na haikuwa na wa kubishana naye. Huko itakuwa nami. Siji kukubaliana nawe, Damari. Nitakaa upande wa kulia, kwenye kinanda cha mchungaji, na nitakupinga kila Jumapili mpaka ukuta udondoke.

Anselm